Kila Mtu Aliujua Mgongo Wangu

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, umekatazwa kujigeuza bila watu wa kukugeuza, na dari ya wodi umeshaijua kuliko unavyoujua uso wa mkeo, karibu ukae nami. Samahani, kukaa nako umekatazwa. Basi lala nami. Nimeshalala hapo ulipolala, na leo naandika nikiwa kwenye kiti.

Nilikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Najua unachotaka kuuliza. Mama yangu, nilipompigia simu Morogoro, aliuliza hivyo hivyo: kifua kimefuata nini mgongoni? Habari za vijidudu siandiki, wapo waliozisomea. Naandika habari za kungoja, na za watu wanaokupenda jinsi wanavyoweza kukuchelewesha huku wanakupigia makofi.

Wakati huo tulikaa Stratford, mashariki ya London, mimi, mke wangu Mwende, Mkamba wa Machakos, na binti yetu Neema, aliyeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza kitupu. Mchana nilipanga bidhaa kwenye duka kubwa, jioni nilisoma uhasibu shule ya jioni, na katikati ya hapo nilijenga mwili. Msicheke. Nilikuwa na mabega ambayo mlango wa bafu uliyaogopa. Nikipita koridoni majirani walidhani umeme umekatika.

Jimu yetu ilikuwa chini ya ardhi, chini ya duka la mazulia, na harufu yake ilikuwa ya jasho na zulia jipya. Mfalme wa huko alikuwa Kasongo, Mkongo wa Bukavu, mlinzi wa mlangoni kwenye ukumbi wa disko. Shingo hakuwa nayo, kichwa kilianzia mabegani. Kwa Kasongo dunia nzima ilikuwa na watu wa aina mbili tu, wanaonyanyua na wanaonyanyuliwa.

Upande wa pili alikuwepo shemeji yangu Mutua, mdogo wake Mwende. Kila Jumamosi asubuhi alikimbia bustanini na kundi la Wakenya wembamba kiasi kwamba upepo uliwaomba radhi kabla ya kuvuma. Hao waliwaita watu wa jimu makabati. Kasongo aliwaita wakimbiaji vijiti vya kiberiti. Mimi siku za kazi nilikuwa kabati, na Jumamosi, kwa heshima ya ukweni, nilikuwa kijiti.

Halafu alikuwepo Mzee Harish, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, aliyenipa kazi dukani kwake nilipofika Uingereza. Sasa alikuwa amestaafu, anakaa Stanmore, upande wa pili kabisa wa reli, na sebuleni kwake alifundisha yoga. Yeye aliwaona wote hao kuwa ni washenzi.

"Mwakimbilia wapi?" aliuliza. "Na hicho chuma mwakiinua kila siku, jana hamkukiinua?"

Maumivu yalianza majani yalipoanza kudondoka. Yalikaa katikati ya mgongo, pale ambapo mkono haufiki ukijikuna. Nikampelekea Kasongo.

"Ndugu Zakaria, maumivu ni muzuri!" akasema, na kunipiga kofi palepale panapouma. "Njo musuli inazaliwa. Weye ongeza kilo."

Nikaongeza kilo. Mgongo ukazidi. Nikampelekea Mutua.

"Shemeji, hizo chuma zitakuua. Mgongo umeshikana kwa sababu hukimbii vya kutosha. Kuja tuufungue."

Nikakimbia. Mgongo haukufunguka. Mwalimu wangu wa uhasibu alilaumu viti vya shule ya jioni, ambavyo kweli vilitengenezwa na mtu mwenye chuki na makalio. Nikapanda treni hadi Stanmore kwa Mzee Harish.

"Wewe huvuti pumzi," alisema. "Waionja tu, kisha wairudisha."

Nikajikunja kama mkeka kwenye sebule yake, na nilipotaka kujikunjua nilibaki vile vile mpaka mkewe akaleta chai na kumnywesha mgonjwa sakafuni.

Kisha nikaanza kukonda. Hapa nisikilize vizuri. Kwa watu wa mazoezi mwili ukibadilika ni sifa, na hakuna anayeuliza kwa nini umebadilika. Nilikonda, na usiku nililowa jasho mpaka Mwende anabadilisha mashuka kama mtu anayehudumia hoteli. Mutua alipomsikia dada yake analalamika alifurahi mno.

"Hiyo ni mafuta inachomeka! Mwili umekubali mbio."

Jumamosi iliyofuata kundi lilinipongeza. Walinizunguka, wakanipima mbavu kwa vidole, wakanivisha fulana ya kundi, na mimi nikasimama hapo na homa yangu, nikitabasamu kama bingwa. Huko jimu ikawa msiba. Kasongo aliniangalia mikono, akatikisa kichwa.

"Bale batu ya mbio banakuiba," akasema. "Tulijenga nyumba, bo banakuja kubomoa."

Pande mbili zikanigombania kama kiwanja, na ndani ya kiwanja kitu kilikuwa kinakula. Siku niliyokwenda kwa daktari wa mtaa akaniuliza mgongo umeanzaje, nami nikamweleza kwa ufasaha wa msomi: kilo, mkao wa magoti, jinsi Kasongo anavyoshika chuma na jinsi mimi ninavyokosea. Muda wote ukaisha namfundisha daktari kunyanyua vyuma. Jasho la usiku sikulitaja kabisa, kwa sababu kwetu lile lilikuwa matokeo mazuri, na nani anakwenda kumshtakia daktari matokeo mazuri? Akanipa vidonge vya maumivu, akaniambia nipumzishe misuli.

Mwende ndiye aliyekiona kinundu. Alikuwa ananichua mgongo kwa mafuta, vidole vyake vikasimama.

"Baba Neema, hapa pametoka mfupa."

"Ni musuli huo."

"Musuli gani una ncha?"

Kesho yake nikampelekea Kasongo aamue. Alipapasa kile kinundu kwa kidole gumba kama mtu anayenunua ng'ombe, akawaita wenzake, nao wakapapasa. Wakakubaliana kwamba ule ni msuli wa ndani kabisa, unaojitokeza kwa mabingwa peke yao. Wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mwende. Aliondoka akaenda kukunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa.

Ilikuwa Januari, baridi ya kugandisha mawazo. Nilimaliza mazoezi, nikafika chini ya ngazi za jimu, nikaamuru mguu upande. Mguu haukuja. Nikauamuru wa pili, nao ukajifanya hausikii. Nilisimama pale nimeshika reli, ngazi ziko mbele yangu, ngazi za kawaida tu ambazo hata bibi mwenye mifuko ya sokoni angepanda, na mimi ikawa kama nimetumbukia kisimani.

Kasongo alicheka. "Moya! Mbili! Pandisha!" alinihesabia, na wenzake wakaitikia. Nikacheka pia. Kisha magoti yakalegea nikakaa sakafuni, na kicheko cha Kasongo kikakatika. Alinibeba mgongoni. Nakumbuka nilifika juu, hewa baridi ikanipiga usoni, nikamsikia anasema kwa Kifaransa maneno ya kumwomba Mungu.

Hospitali, chumba cha kungojea cha wagonjwa wa dharura. Wewe unayekijua hunihitaji nikueleze: viti vimefungwa sakafuni kama vile kuna mtu ana hamu ya kuviiba, mtoto analia, saa ya ukutani haina haraka. Kasongo alikuwa kulia kwangu. Mutua akafika mbio, kihalisi mbio, kutoka kazini kwake, akakaa kushoto. Mwende alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee na alikuwa njiani.

"Umeona kazi ya machuma yako?" Mutua akamwambia Kasongo.

"Machuma? Weye mulimumaliza na njaa! Mutu hana nyama, mugongo itashikwa na nini?"

"Kabati wewe!"

"Kiberiti!"

Wakasimama juu yangu. Mimi chini pale, sisikii vidole vya miguu, nasikia tu kilo ngapi na maili ngapi. Mwende akaingia na sare yake ya kazi, akapita katikati yao kama hawapo, akanishika uso. Wakakaa.

Daktari alikuwa dada mwembamba mwenye sauti ya chini. Nyuma ya pazia alishughulika na miguu yangu, mimi nikitazama taa.

"Unasikia?" akauliza.

"Nini?"

"Nimekuchoma kwa ncha kali."

Upande wa pili wa pazia, mabingwa wawili wakanyamaza kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu.

Walinitia kwenye mashine ya skani, bomba jembamba linalogonga kama mafundi bati elfu kumi, pua yangu ikikaribia kugusa chuma. Nilipotoka walikuwa wameshaanza kuongea taratibu, na madaktari wakiongea taratibu ujue mambo si ya taratibu. Mifupa miwili ya mgongo ilikuwa imeliwa, na usaha ulikuwa unabana mishipa ya fahamu ya miguu. Wakanipasua kuutoa. Nilipozinduka nikamwuliza daktari kama nitatembea.

"Hatujui," alisema. "Miguu inaweza kurudi. Inaweza isirudi. Tutangoja."

Hilo neno la mwisho ndilo nililoishi nalo baridi yote. Walinipima kwa plasta, wakanitengenezea koti la plastiki gumu, kutoka kwapani hadi nyongani, mikanda kama ya farasi. Ndani yake hukohoi utakavyo, hucheki utakavyo. Kuwashwa kukianza mbavuni, utalia machozi na mkono wako uko pale pale nje, unagonga plastiki. Neema alikuja akanigonga tumboni, akauliza kwa Kiingereza chake kama nimo ndani. Nikamwambia nimo, lakini mlango umepotea.

Vidonge vilikuwa kwanza vingi, kiganja kizima kila asubuhi, na mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa. Usiogope ukiuona. Mimi niliuogopa nikapiga kengele, wauguzi wakaja wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka karibu nami wiki ile, nikashukuru.

Jina la ugonjwa lilipotoka, wageni wakapotea. Jimu kimya. Kundi la mbio kimya. Hata ukweni walituma salamu kupitia simu, na salamu zenyewe zilisimama mbali. Daktari alikuwa ameshaeleza kwamba wangu, wa mgongoni, hauruki kwa pumzi, lakini nani angempigia kabati moja moja kumweleza? Aliyefika ni Mzee Harish, kwa treni kutoka Stanmore, na chakula cha dengu kwenye kopo la ghorofa tatu. Alinilisha kwa kijiko, na hakutaja pumzi hata kidogo.

Mwende alikuja kila siku baada ya kuwageuza na kuwaogesha wazee wa watu. Jioni moja alikaa, akavua viatu, akaanza kulia bila sauti.

"Nikifika nyumbani simu inalia," alisema. "Ni Mutua analaumu Kasongo. Naweka chini, inalia tena, ni Kasongo analaumu Mutua. Mimi nawajibu. Hakuna hata mmoja ameniuliza kama nimekula."

"Umekula?" nikauliza.

"Usiniulize sasa kwa sababu nimesema!"

Nilitaka kumshika. Mkono ulifika, lakini kati yetu kulikuwa na plastiki, na alipoinamisha kichwa kifuani kwangu kiligonga, ko! kama mtu anabisha hodi. Tukacheka kidogo. Kisha akalala hivyo hivyo, na mimi sikuthubutu kupumua kwa nguvu.

Kliniki ya kifua iliwaita watu wangu wa karibu wapimwe, kwa tahadhari. Nilihadithiwa na Mwende. Chumba kimoja cha kungojea, makabati upande huu, vijiti upande ule, wote wamevalishwa yale magauni ya hospitali yaliyo wazi nyuma, kila mmoja ameshika nyuma yake kwa mkono. Ilipofika zamu ya sindano Kasongo, mtu wa kubeba jokofu peke yake, akajificha nyuma ya Mutua.

"Shika mukono, weye," alimwambia. "Usiangalie uso yangu."

Mutua akamshika mkono. Majibu yao yote yalikuwa mazuri, na wageni wakarudi. Ndipo balaa la pili likaanza.

Nilikuwa nimepewa mtaalamu wa viungo, Morag, mama mfupi wa Kiskoti mwenye mikono ya baridi. Zoezi langu lilikuwa moja, kulitazama dole gumba la mguu na kuliambia lisogee. Hilo tu. Mimi niliyekuwa nanyanyua uzito wa ng'ombe mjamzito, nilitoka jasho nikibembeleza dole. Halikusogea. Asubuhi hadi jioni nalitazama, mpaka nikaanza kulichukia, halafu nikalihurumia.

Kasongo hakuweza kuvumilia. Alikuja na vyuma viwili vidogo kwenye mfuko wa mikate, akavichomeka chini ya blanketi. "Usipoteze mabega, ndugu. Fanya kidogo kidogo, bibi yako asione." Mutua naye aliniambia nipige miguu hewani akilini, maili tano, kila siku niongeze. Niliwatii wote wawili. Ukifungwa namna ile unamtii yeyote mwenye funguo za bandia. Siku ya tatu nilinyanyua, kitu kikanichoma mgongoni nikaona nyota za mchana.

Morag alifunua blanketi. Alitazama vile vyuma, akatazama wageni waliosimama kando ya kitanda.

"Nani kaleta?"

Kasongo alinyanyua mkono kama mwanafunzi. Morag hakupiga kelele. Alimwambia mifupa ile miwili kwa sasa ni biskuti iliyochovywa kwenye chai. Uzito kidogo ikibonyea, miguu imekwenda, na hairudi tena. Mwende alikuwa akitafsiri, neno baada ya neno, na alipofika kwenye miguu akakwama.

Kasongo alitoka koridoni. Tulimsikia akilia huko, mlio mnene kama lori linapanda mlima. Mutua akafungua mdomo.

"Sema neno moja," Mwende akamwambia, "na wewe utamfuata. Kuanzia leo hapa kitandani hapatajwi mazoezi. Mkija, mje mkae. Mkishindwa kukaa, mkae kwenu."

Picha ya mgongo ikaonyesha biskuti haikubonyea. Wakaja, wakakaa. Nakuambia, hujaona mateso mpaka uone mnyanyua vyuma na mkimbiaji wamekaa saa nzima ya wageni bila kushauri mtu. Kasongo alimenya machungwa. Mutua alisoma gazeti la zamani, ukurasa mmoja.

Dole lilisogea karibu na Pasaka. Mwende alikuwa ananipaka mafuta miguuni, akaacha.

"Rudia."

"Nirudie nini? Sijafanya chochote."

"Rudia hicho ambacho hujafanya!"

Nikajaribu, likagoma. Siku mbili likagoma. Kisha likasogea, kiasi cha unene wa ukucha, na Morag akaniambia vizuri sana, kesho tena. Majira ya joto nilisimama kwenye fremu, ndani ya koti la plastiki, nikitokota kama ndizi kwenye sufuria. Vidonge vikapunguzwa. Nikarudishwa nyumbani, nikafungwa huko: chumba, choo, dirisha, chumba. Ghorofa yetu ilikuwa ya pili. Niliwaona watu wakivuka barabara hovyo, huku wanakula chipsi, na nilitamani kuwafungulia dirisha niwaambie wanachofanya.

Wewe uliyelala hapo, nina ombi moja. Ukifika kwa daktari usimpelekee maelezo, mpelekee mwili. Mwambie jasho, mwambie nguo zinazopwaya, hata kama kuna watu wamekupongeza. Na ukienda kumwona mgonjwa, mwulize mwenye kumwuguza kama amekula, kabla hajakuambia.

Koti walilivua mwisho wa baridi nyingine. Nilijiona uchi kuliko siku niliyozaliwa. Wiki chache baadaye, siku yenye jua la kudanganya, Morag akaruhusu nitoke nje na fimbo, mtu mmoja kando yangu. Mwende alikuwa kazini. Akaja Mutua.

Kushuka ngazi tu kulichukua muda wa kupika maharage. Barabarani tulikwenda, mimi nainua mguu, nautafuta chini, nauweka. Mutua hakuwa amewahi kwenda mwendo ule tangu aache ziwa.

"Shemeji," akasema baada ya nyumba chache, "misuli yangu inauma."

"Ya nini?"

"Ya kwenda polepole. Sikuwa najua iko."

Tukafika ukingo wa barabara, pa kuvukia. Ukingo wa kawaida, urefu wa tofali. Mguu wangu wa kulia haujapata hisia zote hata leo, ukishuka mahali sina hakika kama umefika. Nikasimama. Basi likasimama kutungoja, na nyuma yake gari dogo, na nyuma yake gari jingine likapiga honi. Nilihisi mkono wa Mutua umenyanyuka nyuma ya mgongo wangu, na nikajua ana maneno kamili mdomoni, ya magoti, ya pumzi, ya kutazama mbele. Nilimsikia akiyameza.

"Wacha wapige," alisema.

Nikatazama chini, nikashusha fimbo, nikashusha mguu, nikaungoja uniambie. Ukaniambia.